Matundu Manne ya Baraza

Wiki iliyopita fundi alikuja kwangu Kizingo kuangalia sakafu ya mbao ya chumba cha mbele, ambayo ilikuwa imeanza kulia kila mtu anapopita. Alipachika mtaimbo kwenye ufa, akaegemea kwa uzito wake wote, ubao ukang'oka na misumari yake. Harufu ikapanda. Sijui niseme nini ila nilichofanya: nilikaa chini palepale nikafunika kichwa kwa mikono miwili, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Fundi akaniuliza kama nina presha. Nikamwambia aendelee na kazi.

Wenzangu mliokulia Mji wa Kale mnaijua harufu hiyo. Ni ya mbao zilizokaa juu ya mchanga mbichi bila hewa, uvundo mzito wenye utamu kidogo ndani yake. Labda kwenu inawakumbusha masika, au sanduku la nguo la bibi. Mimi inanikumbusha babangu akimpiga mamangu.

Nyumba yetu ilikuwa ya kale, kuta zake za mawe, nene kiasi cha mtu kuweza kulala dirishani. Ukumbi wa mbele ulikuwa na sakafu ya mbao iliyolazwa juu ya boriti, na chini ya boriti palikuwa na mvungu, giza tupu, kina chake cha kiuno changu cha utotoni. Aliyeijenga alijua anachofanya, kwa hivyo aliacha matundu upepo upite. Ya nyuma yalizibwa zamani, jirani alipoegemeza ukuta wake kwenye wetu. Yalibaki manne ya mbele, usoni mwa baraza, karibu kabisa na ardhi, kila moja saizi ya bofulo la mkate. Waliokaa barazani, visigino vyao vilikuwa mbele ya matundu hayo, na lolote lililosemwa ukumbini lilipita chini ya mbao likawatokea miguuni.

Baada ya sala ya alasiri baraza yetu haikukosa watu, na miongoni mwao hakukosa Bwana Athmani, mshona kofia aliyeishi ng'ambo ya kichochoro. Alikuwa mwembamba, mpole hadi kukera, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea. Sikupata kumsikia akimpinga mtu, hata alipouziwa samaki aliyeoza. Alikaa pembe ya mwisho, akatoboa kofia yake kwa sindano, akasikiliza wengine wakizungumza.

Baba alikuwa karani wa ghala kule Mbaraki. Nje hakuwa na mfano. Kanzu iliyopigwa pasi, salamu ndefu kwa kila mtu, mkono begani mwa wazee. Akiingia ndani, akifunga madirisha na kurudisha komeo, uso ulishuka. Alimpiga mama kwa mkanda, kwa bakora ya babake, kwa kiatu, kwa kile mkono ulichokigusa kwanza. Chai imepoa. Wali umeshika chini. Umenijibu. Hukunijibu. Mama alikuwa amenifundisha kwamba nikisikia komeo likirudishwa kwa nguvu nipande ngazi, nami nilipanda hadi ngazi ya saba, hapo nilipoweza kuwaona kupitia nguzo za mkono wa ngazi. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa nikiona.

Kwetu mtu haingilii nyumba ya mwenziwe. Havuki kizingiti bila kupiga hodi na kujibiwa karibu, na viatu huviacha nje. Akisikia lisilofaa kusikiwa, hukohoa, ili walio ndani wajue kuna watu nje. Basi Bwana Athmani alikohoa. Kipigo kikianza, kikaendelea kidogo, kutoka chini ya mbao kilikuja kikohozi chake, kikavu, mara mbili, kisha mara tatu.

Mkono wa baba ulisimama hewani. Aliinama akamshika mama nywele, akamsemeza sikioni, lakini ngazi ya saba haikuwa mbali.

"Wawasikia watu? Wawasikia wanavyokohoa? Ni kwa mdomo wako huo. Wataka kuniaibisha."

Alimsukuma kichwa, akaenda kubadilisha kanzu, akatoka nje. Nilimsikia barazani akiuliza kwa huruma ni nani ana kifua.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na akili nyingi, au ndivyo nilivyosifiwa chuoni, kwenye masomo ya Kurani. Nilipanga mambo yangu hivi. Baba anakasirishwa na kikohozi. Wanakohoa kwa sababu wanasikia. Wanasikia kwa sababu ya matundu. Matundu yakiondoka, watu hawatasikia, hawatakohoa, na baba hatakuwa na la kukasirikia. Nilishangaa watu wazima wa nyumba ile wameshindwaje kuliona jambo jepesi hivyo.

Nilifanya kazi yangu Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini na kichochoro kitupu. Nilikuwa na makumbi ya nazi kutoka jikoni na matambara ya kudekia. Tundu la kwanza, la pili na la tatu yalishiba. La nne lilibaki na nafasi, nami sikuwa na kitu, nikavua mtandio wangu wa chuoni, wa kijani, ambao ulikuwa umechanika pindo, nikausukuma ndani kwa fimbo. Mafundi waliokuwa wakitengeneza ukuta wa chuo jirani walikuwa wameacha saruji kwenye karai. Nikaichota kwa kopo la samli, nikaikandika kwa viganja, nikairushia vumbi na chokaa ifanane na ukuta. Saruji ilinila vidole siku tatu. Mama alipouliza nilisema ni pilipili, na kuhusu mtandio nilisema umepotea. Hakuna aliyegundua. Nani huinama kutazama visigino vya watu?

Siku ya nne komeo lilirudishwa kwa nguvu. Nilipanda ngazi zangu. Baba alimshika mama kwa shingo ya gauni akamtupa kwenye kabati, vioo vikalia, akavua mkanda. Nilitega sikio. Hakuna aliyekohoa. Naona haya kuandika hili, lakini nilifurahi. Niliziba mdomo nisicheke. Nikangoja baba aache.

Hakuacha. Nilimwona akisimama kidogo, kichwa amekiinamisha upande wa mtaani, akisubiri. Kikohozi hakikuja. Akautazama mlango kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Kisha akarudia, na mara hii hakuwa na haraka. Alipiga mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Mama alipoinuka alitema meno mawili kiganjani, akayaangalia, akayafunga kwenye ncha ya leso yake. Nilikaa ngazini mpaka miguu ikafa ganzi, nikijaribu kuona ni wapi hesabu yangu imekosea, na sikuona.

Kuanzia hapo ikawa hivyo. Barazani watu waliendelea na hadithi zao, wakacheka, wakanywa kahawa, na ndani mama akavunjwa. Alivunjwa kidole. Alivunjwa ubavu, akawa akiinama anashika ukuta. Bwana Athmani nilipopita mbele yake aliniuliza kwa sauti yake ya chini, "Mama hajambo? Kwenu siku hizi shwari?" Nikamjibu hajambo, kwa sababu ndilo jibu.

Kisha masika yakaingia, na sakafu ikaanza kuumwa. Kwanza ilikuwa harufu. Halafu mkeka ukafanya madoa meusi upande wa chini, mbao zikavimba, mlango wa ukumbi ukawa unakwaruza. Misumari ikatoka kutu. Kwenye maungio kukaota kuvu jeupe, laini, ukiligusa linabaki kidoleni. Mama alilisugua kwa maji ya moto na sabuni kila asubuhi, akiwa amepiga magoti, na kila asubuhi lilikuwa limerudi. Alifukiza udi mchana kutwa. Harufu ya udi na ya uvundo zikachanganyika, na mpaka leo nikiingia kwenye harusi yenye udi mwingi hutafuta mlango ulipo.

Baba akapata sababu mpya. Alikuwa mtu wa usafi, na nyumba yake ilikuwa inanuka, na wageni wangesema. Alimrudisha mama magotini, akamkandamiza uso kwenye mbao kwa mguu.

"Nusa," alisema. "Nusa uchafu wako. Kutwa wafanya nini wewe?"

"Nasugua, Baba."

"Nusa tena."

Mama alimwita hivyo, Baba, kama nilivyomwita mimi. Nikiwa juu niliamini kwamba sakafu ilikuwa inaoza kwa machozi yake. Niliona yanavyodondoka, niliona damu ya pua inavyoingia kwenye nyufa, na nilidhani mbao haziwezi kunywa vitu hivyo kila siku zikabaki nzima. Nilikuwa mtoto, lakini bado sioni kama nilikuwa mbali sana na ukweli.

Sakafu ilianguka alasiri moja, nje watu wamejaa. Baba alikuwa amemkamata mama nywele, anamburura kinyumenyume kutoka mlango wa jikoni hadi katikati ya ukumbi, na kila hatua alikuwa akikanyaga kwa kisigino kwa sababu mama alijifanya mzito. Sikusikia mlio wa kuvunjika. Ilikuwa sauti nyororo, ya kitu kilicholowa, na baba akafupika. Mguu wa kulia ulizama hadi pajani, mwili ukaenda mbele, na hapo ndipo nikasikia mlio, wa mfupa. Akapiga ukelele ambao sijasikia mwingine kama huo.

"Nisaidieni! Jamani, nisaidieni!"

Nje, nilivyokuja kusikia baadaye, waliendelea kucheka. Mtu alikuwa akisimulia habari ya punda. Baba alipiga mbao kwa ngumi, akaita jina la Bwana Athmani, akaliita tena. Sauti yake ilishuka kwenye mvungu ule ikafia mumo kwa mumo, kama zilivyofia za mama miezi yote ile. Hapo nilielewa nimefanya nini. Nilielewa kwa mwili mzima, nikajikojolea ngazini.

Mama alikuwa amelala ubavu, nywele zake zimebaki mkononi mwa baba. Aliinuka taratibu. Akakaa. Akaitafuta leso yake, akaikung'uta, akaifunga upya kifuani, akafunga na ya kichwani. Alimtazama baba, na baba akamtazama yeye. Mama hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anafikiri. Kisha akatembea pembeni, kando ya ukuta ambako mbao zilikuwa bado nzima, akafungua mlango, akasema kwa adabu zote, "Jamani, Bwana Salimu ameanguka."

Walimleta fundi Kassim, seremala. Baba alikuwa kwenye kochi, mguu umo ndani ya plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni, magongo mawili kando yake. Fundi alifunua mbao moja baada ya nyingine. Boriti zilikuwa zimekuwa tope. Alichoma kisu kikaingia hadi mpini. Akashuka mvunguni na tochi, akatambaa hadi ukuta wa mbele, tukamsikia akigonga. Alitoka na makumbi meusi yanayochuruzika maji, matambara, na mwisho kabisa mtandio wa kijani wenye pindo lililochanika.

"Haya, bwana, maradhi yako ndiyo haya," akasema. "Maji ya ardhi hayana wa kuyazuia, yatapanda tu. Ila upepo ukipita chini, mbao zakauka. Mtu amekuzibia matundu yote manne, tena kwa saruji. Zimeoza kwa ndani, nanyi juu hamkuona kitu."

"Mtu gani?" baba akauliza.

Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni. Mama aliuangalia mtandio. Yeye ndiye aliyekuwa ameupiga pindo hilo kwa mkono wake. Hakunitazama hata kidogo.

"Ni mimi," akasema. "Niliona panya."

Baba alimwita aje karibu, naye akaenda. Gongo lilimpata kwenye shavu. Fundi Kassim alishika kofia yake kichwani kama yeye ndiye aliyepigwa, akasema, "Muogope Mungu, Bwana Salimu," na baba akamwomba radhi. Alimwomba radhi fundi.

Usiku haukuwa umeingia bado mama aliponiita jikoni. Nusu ya uso wake ilikuwa imefura hadi jicho limefunga. Aliniwekea mtandio magotini, ukiwa umefuliwa.

"Ndoo hapa, sogea karibu. Kwa nini ulifanya hivi?"

Nikamweleza hesabu yangu yote: kikohozi, kusikia, matundu. Nilimweleza haraka haraka, nikilia, nikijitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, akaacha kwa sababu ya maumivu.

"Mwanangu," akasema, "kikohozi kile ndicho kilichokuwa kikinitoa mikononi mwake. Siku zote. Nilikuwa nikipigwa nikikingoja."

Alinishika kichwa akakiweka kifuani, akanionya nisimwambie baba wala mtu yeyote. Nimetii hadi siku hii ya leo ninapoandika.

Fundi aliweka boriti mpya, akapaka chokaa ukuta wa chini, akapachika wavu wa waya kwenye matundu ili panya wasipate kisingizio. Harufu ikaisha. Baba naye akapona. Miezi ile ya plasta alipiga kwa gongo tu, pigo moja moja lisilosikika barazani, na ilimbidi mama afuate kipigo kochini alipo. Akikataa kwenda, deni lilikuwa linawekwa. Siku baba alipotembea bila gongo tulijua wote wawili, mimi na mama, kwamba deni litalipwa.

Mtu asije akadhani ninaficha mwisho wa mama, basi niseme mapema: mama hakufa. Jioni ya siku hiyo tulihamia kwa mjomba wangu, na talaka ikafuata baada ya kuzungushwa sana. Mama yuko nami hapa Kizingo, ana meno mawili ya bandia, na ndiye aliyemwambia fundi wa juzi azibue matundu kabla mimi sijafungua mdomo. Lakini siku yenyewe ilikuwa hivi.

Ilikuwa baada ya alasiri. Baba alirudisha komeo, kisha, sijui kwa nini, akalifungua tena nusu. Alichukua bakora ya babake kutoka ukutani. Nilipanda ngazi saba. Pigo la kwanza lilimwangusha mama. Siku zote alikuwa akijikunja akifunika kichwa, na siku hiyo hakufunika. Alianza kutambaa. Baba alimfuata akimpiga mgongoni, nami nilisikia kila pigo, na mama akaendelea kutambaa kwa viwiko juu ya mbao mpya mpaka ukuta wa mbele, chini ya dirisha, mahali ambapo upande wa pili wake ni baraza. Akaweka mdomo kwenye ufa wa mbao.

Kutoka chini kikaja kikohozi. Kikavu, mara mbili. Sikuwa nimekisikia kwa karibu mwaka mzima, na nilikishika kwa mikono yote.

Mkono wa baba ukasimama, kama zamani. Mama hakuinuka. Alisema, wala hakupiga kelele, alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani:

"Bwana Athmani. Ni mimi, mke wa Salimu. Najua wanisikia. Leo usikohoe. Leo ingia."

Barazani hadithi zilikatika. Hata kikombe hakikulia. Baba alibaki na bakora juu, na nikaona anaanza kutabasamu, kwa sababu aliwajua watu wake. Akashusha bakora kwa nguvu zake zote. Akaipandisha tena.

Mlango ukafunguka. Bwana Athmani aliingia na makubadhi yake miguuni, kofia ambayo haijaisha mkononi, sindano inaning'inia kwa uzi. Miwani ilikuwa imemshuka puani. Nyuma yake niliona vichwa vya wengine, hakuna aliyevuka kizingiti.

"Athmani," baba akasema, "hukupiga hodi."

"Hodi nimepiga miaka saba, Salimu," akajibu.

Akavuka ukumbi na viatu vyake, akaenda akasimama kati ya bakora na mgongo wa mamangu.